Tusiifanye Ardhi Kuwa Adhabu ya Mtoto

Wahenga walinena kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Methali hii tumezoea kuitaja tunapozungumza juu ya adabu, dini na masomo ya mtoto. Ni nadra kuisikia ikitajwa kuhusu mto upitao nyuma ya shule, mti ulio kando ya darasa, au taka zinazozagaa langoni. Hata hivyo, ni mambo machache yanayohitaji malezi ya mapema kama uhusiano wa binadamu na mahali anapoishi. Mtu mzima ambaye hakuzoezwa kutunza mazingira angali mdogo aghalabu huyatunza kwa kumwogopa askari tu, na askari hawezi kuwapo kila mahali.

Kwamba jambo hili ni la dharura, halihitaji ushahidi wa mbali. Katika msimu wa masika wa mwaka 2024, mvua kubwa ilileta maangamizi nchini. Watu waliokuwa wakiishi kando ya mito jijini Nairobi walisombwa pamoja na makazi yao, na alfajiri ya tarehe 29 Aprili maporomoko ya maji na matope yaliwafikia watu wa Mai Mahiu wakiwa usingizini. Siku hiyo ndiyo ambayo shule zilikuwa zimepangiwa kufunguliwa kwa muhula wa pili. Hazikufunguliwa hadi tarehe 13 Mei. Mvua ni majaliwa ya Mungu, lakini mitaro iliyozibwa kwa taka, kingo za mito zilizojengwa nyumba na milima iliyonyolewa miti si majaliwa. Ni kazi ya mikono ya watu, na wengi wa watu hao walipita katika madarasa yetu.

Kwa hiyo swali langu leo si iwapo watoto wafunzwe kutunza mazingira. Hilo halina mpinzani. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa katika gredi za mwanzo kote nchini mwaka 2019, umewawekea watoto wadogo somo la shughuli za mazingira. Vitabu vipo na picha za rangi zimo. Swali langu ni hili: licha ya yale yaliyoandikwa vitabuni, matendo yetu ya kila siku shuleni na nyumbani yanamfunza mtoto nini?

Tuanze na shule. Mtoto akichelewa kufika gwarideni, mwalimu wa zamu humpa ufagio. Aliyepiga kelele darasani hupelekwa kuokota karatasi uwanjani. Aliyepigana hupewa jembe ang'oe kisiki, na mwenye kosa kubwa zaidi hufyeka nyasi au kusafisha vyoo huku wenzake wakimchungulia madirishani na kumcheka. Hali hii ni ya tangu zamani, ila tangu kiboko kipigwe marufuku mwaka 2001, kazi ya ardhini na ya usafi imekuwa kimbilio la haraka la mwalimu anayetaka kurudi mtu bila kuvunja sheria. Nafahamu ugumu wa mwalimu huyo. Ana wanafunzi sitini mbele yake na anahitaji nidhamu. Lakini hebu tutazame gharama ya jambo hili.

Sisi wanaisimu husema kwamba neno hupata sehemu kubwa ya maana yake kutokana na maneno yanayoandamana nalo. Mtoto hajifunzi maana ya neno kwa kuifungua kamusi. Huidondoa katika mazingira anamolisikia neno hilo mara kwa mara. Basi mtoto anayelisikia neno "jembe" daima likiandamana na "kosa", neno "ufagio" likiandamana na "adhabu", na neno "taka" likiandamana na kicheko cha wenzake, ataibuka na maana gani? Asubuhi mwalimu humwambia kwamba kutunza mazingira ni wajibu wa raia mwema. Alasiri humwonyesha kwamba kutunza mazingira ni kazi ya waliokosa. Kati ya masomo haya mawili, lile la alasiri ndilo linalokita, maana limepita mwilini. Asiyekuwa na kosa hujiona ametukuka, hivyo haokoti karatasi iliyo mguuni pake, kwani akiinama wenzake watamwuliza, "Umefanya nini?" Swali hilo dogo la watoto ni hukumu dhidi yetu sisi walimu.

Isitoshe, yapo makosa mengine ambayo shule zetu ziliyaadhibu kwa njia hiyo hiyo, nayo ni makosa ya lugha. Marehemu Profesa Ngugi wa Thiong'o, katika kitabu chake *Decolonising the Mind* cha mwaka 1986, alieleza jinsi wanafunzi wa enzi ya ukoloni walivyoaibishwa kwa kupatikana wakisema lugha ya mama shuleni. Uhuru ulipopatikana, desturi hiyo haikuondoka na Mwingereza. Wengi wetu tunakijua kile kipande kilichovishwa shingoni mwa aliyesikika akisema lugha ya kwao, kipande ambacho wengine walikiita monto, na tunakumbuka kwamba jioni mwenye kukutwa nacho mara nyingi alikabidhiwa ufagio au jembe. Mtoto aliadhibiwa kwa kutumia lugha iliyobeba majina ya miti ya kwao, kisha adhabu yenyewe ikawa ni kuitumikia ardhi inayoiotesha miti hiyo. Sidhani kama adui angeweza kubuni njia bora zaidi ya kumtenga mtoto na nchi yake.

Huenda msomaji akauliza, lugha ina uhusiano gani na miti? Uhusiano ni mkubwa. Neno "mazingira" lenyewe linatokana na kitenzi "zingira". Mazingira ni yale yanayotuzingira, yaani yaanzayo kwenye nyayo zetu na kuenea pande zote. Mtoto hawezi kukitunza kitu asichokitambua, na hawezi kukitambua barabara kitu asichokuwa na jina lake. Asiyejua majina huona kijani kibichi tu mbele yake. Ajuaye majina huona mkuyu, mvule, mkwaju na mwarobaini, na siku mmoja wao ukikatwa, yeye hujua ni nani aliyetoweka.

Chukua mfano wa mwambao wetu. Vitabu vingi vya shule hutaja mikoko kana kwamba ni mti mmoja uotao matopeni. Lakini mvuvi wa Lamu au Gazi hatakuelewa ukiishia hapo. Kwake kuna mkoko wenyewe, wenye mizizi iliyojikita kama miguu ya buibui. Kuna mchu, ustahimilio chumvi nyingi. Kuna mlilana, usimamao mbele kabisa ukikabiliana na bahari. Kuna mkandaa, ambao magome yake yalitumiwa kutia rangi na kulainisha ngozi. Kuna muia, na kuna mkomafi wenye matunda makubwa ya mviringo. Hata nguzo zikishakatwa zina majina kulingana na unene wake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Kila jina katika orodha hii ni somo la sayansi. Linamwambia mtoto mti upi huzuia mawimbi, upi unafaa kwa kazi gani, na upi haufai kuguswa ungali mwembamba. Huko Gazi, katika kaunti ya Kwale, wanakijiji wanaoendesha mradi wa Mikoko Pamoja tangu mwaka 2013 wameuonyesha ulimwengu kwamba msitu huo ukitunzwa huweza hata kuwaletea fedha za maji na vitabu vya shule. Je, mtoto anayeitwa "mwerevu" kwa sababu anajua neno moja la Kiingereza la miti hiyo yote, amezidishiwa elimu au amepunguziwa?

Kamati ya Gachathi ilipendekeza mwaka 1976 kwamba watoto wa madarasa matatu ya mwanzo wafundishwe kwa lugha inayotawala katika eneo la shule yao. Mtaala wa sasa umeshikilia msimamo huo huo. Lakini katika shule nyingi za mijini, na hasa zile za kulipia, sera hiyo husomwa na kuwekwa kando. Mtoto huanza herufi ya kwanza ya Kiingereza kwa picha ya tofaa, tunda ambalo pengine hajawahi kuliona likining'inia mtini, ilhali mwembe unaomtilia kivuli wakati wa mapumziko haumo ukutani. Tunamfunza kuyaonea huruma maumbile ya mbali na kutoyaona yaliyo karibu.

Wazee wetu walikuwa na njia yao. Hawakuwa na somo liitwalo mazingira, lakini walikuwa na miiko. Marehemu Profesa Wangari Maathai, aliyeanzisha Vuguvugu la Mkanda wa Kijani mwaka 1977 na kutunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, alisimulia katika kitabu cha maisha yake jinsi mama yake alivyomkataza kuokota kuni chini ya mugumo uliokuwa karibu na nyumbani kwao, Ihithe, Nyeri. Sababu aliyopewa ni kwamba huo ulikuwa mti wa Mungu. Karibu na mti huo palikuwa na kijito alikochota maji na kuchezea mayai ya vyura. Miaka mingi baadaye, alipokwisha kusoma sayansi ng'ambo na kurejea, alikuta mugumo umekatwa na mwenye shamba mpya ili apate nafasi ya kupanda majani chai. Kijito nacho kilikuwa kimekauka. Ndipo alipoelewa kwamba mizizi ya mti ule ilikuwa ikishikilia udongo na kuyapandisha maji ya chini kwa chini. Hali kadhalika, misitu ya kaya za Wamijikenda imesalia hadi leo, na kutambuliwa mwaka 2008 kuwa urithi wa dunia, kwa sababu wazee wa kaya waliwafunza watoto tangu utotoni kwamba huko hakukatwi mti ovyo.

Sisemi turudi katika miiko yote ya kale. Mingine ilijengwa juu ya hofu, na mtoto wa leo atauliza "kwa nini" hata ukimtisha kwa mizimu. Ninalosema ni kwamba mwiko ulimpa mtoto heshima bila kumpa sababu, ilhali vitabu vyetu vinampa sababu bila kumpa heshima. Mwalimu mwema anaweza kumpa vyote viwili. Mama yake Wangari hakujua maneno ya wanasayansi, lakini bila ya mama huyo huenda mwanasayansi huyo asingejua pa kuanzia.

Hapa ndipo tunapofika nyumbani. Shule ina mtoto kwa saa chache, tena kwa siku tano za juma. Kwingineko yumo mikononi mwa wazazi, na mtoto humwiga mzazi kuliko anavyomsikiliza mwalimu. Baba anayefungua dirisha la matatu na kurusha chupa ya maji barabarani amebatilisha somo la wiki nzima. Nasi tunalo neno linalotudanganya, nalo ni "kutupa". Tunaposema, "Tupa hiyo taka", tunaashiria kwamba kitu kikishatoka mkononi mwetu kimekwisha. Hakijaisha. Kimehama tu. Cha mtaa wa juu kimeteremka mtaroni hadi mtaa wa chini, na cha Nairobi yote kimefika Dandora, ambako watu na watoto huishi wakivuta moshi wake. Mzazi anayetaka kumfunza mwanawe jambo moja tu mwaka huu, na amfunze kuuliza swali hili kila mara kabla ya kutupa: kinakwenda wapi, na kwa nani?

Wapo watakaosema kwamba kazi hii ni ya sheria. Sheria ina nafasi yake. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini, kwa tisho la faini ya kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4 au kifungo cha kati ya mwaka 1 na 4. Madukani mifuko hiyo ilitoweka upesi, na hilo ni jambo la kusifiwa. Hata hivyo, karatasi za peremende, chupa na vifuko vingine vingali vinaota mitaroni kama magugu. Sheria iliweza kuuondoa mfuko mkononi. Haikuweza kuuondoa mkono katika mazoea yake. Hiyo ni kazi ya malezi.

Vivyo hivyo kuhusu upandaji wa miti. Tarehe 13 Novemba 2023 ilitangazwa kuwa sikukuu ya kitaifa ya kupanda miti, katika juhudi za kutimiza lengo la serikali la kukuza miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Watoto wengi walishika miche siku hiyo na wakapigwa picha. Ni vizuri. Lakini kupanda ni kazi ya siku moja, na kulea ni kazi ya miaka. Mtoto aliyepanda mche Novemba na kuukuta umekauka Januari, wala asimwone mtu yeyote akihuzunika, amefunzwa kwamba mti ni kitu cha sherehe. Zaidi ya hayo, si kila mti unafaa kila mahali. Mathenge uliletwa katika sehemu zetu kame katika miongo ya 1970 na 1980 kwa nia njema ya kuzuia jangwa. Kule Baringo uliishia kuvamia malisho, na maganda yake matamu yakawaozesha mbuzi meno. Nia njema bila maarifa ya mahali husika huzaa msiba, na maarifa hayo, kama nilivyotangulia kusema, yamo katika lugha na vinywa vya wenyeji.

Tufanye nini basi? Kwanza, walimu wakuu wakubaliane kuanzia muhula ujao kuitenga kazi ya mazingira na adhabu. Ufagio, jembe na mtungi wa kumwagilia maji viwe vya zamu, na zamu hiyo iwe ya wote, mwalimu akiwemo. Ikibidi, mwenye kosa anyimwe zamu ya kumwagilia miche badala ya kupewa. Atakapoanza kuililia zamu hiyo, tutajua kwamba tumeanza kufaulu.

Pili, kila shule iandike orodha ya miti, ndege na magugu yaliyomo kiwanjani mwake, kwa lugha ya wenyeji, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Kazi hii haihitaji fedha. Inahitaji daftari, na mzee mmoja au bibi mmoja wa kijiji aalikwe aje awatembeze watoto saa moja. Mijini, ambako watoto wa kabila mbalimbali hukaa pamoja, orodha itakuwa ndefu zaidi na tamu zaidi, kwani kila mtoto ataleta jina la kwao.

Tatu, mtoto aingiapo Gredi ya 1 apewe mche mmoja awe mlezi wake mpaka amalizapo shule ya msingi. Penye uhaba wa ardhi, watoto watano waulee mti mmoja. Na katika mkutano wa wazazi, mwalimu mkuu asitaje idadi ya miche iliyopandwa, bali ataje idadi ya iliyo hai.

Nne, wazazi wasaidie kwa mambo madogo ambayo hayana gharama. Maganda ya ndizi na ya viazi yatengwe yawe mboji. Mgomba au mpapai upandwe chini ya kibuyu chirizi, ili maji yaliyonawisha mikono yasipotee bure. Mtoto akirudi nyumbani na swali juu ya mti, asiambiwe, "Niache, nimechoka."

Najua kwamba walimu watalalamika kuwa wamelemewa. Mtaala umewaongezea fomu za kujaza, na baadhi ya wazazi nao wamechoshwa na kazi za ziada zinazoishia kufanywa na wao wenyewe usiku. Malalamiko hayo ni ya haki. Lakini tazama kwamba karibu yote niliyoyapendekeza hayaongezi kipindi kwenye ratiba. Yanabadilisha maana ya kazi ambazo tayari zinafanywa. Uwanja utafagiliwa vivyo hivyo na nyasi zitafyekwa vivyo hivyo. Kitakachobadilika ni atakayezifyeka na sababu yake. Kuhusu shule zisizo na maji, hizo kwa hakika zina haki ya kuidai serikali maji kwanza, kwani huwezi kumwambia mtoto amwagilie mche ilhali yeye mwenyewe ana kiu.

Nanyi wanafunzi, hasa wale wa vyuo vya ualimu mnaojiandaa kuingia darasani, mabadiliko haya yamo mikononi mwenu kuliko yalivyo mikononi mwa wizara. Siku yenu ya kwanza kazini mtakutana na mtoto aliyechelewa, na ufagio utakuwa umeegemezwa ukutani. Mtafanya kama mlivyofanyiwa, au mtatafuta njia nyingine ya kumrudi. Uamuzi huo utaonekana mdogo, wala hakuna mkaguzi atakayeuandika. Lakini udongo uwahi ungali maji. Mtoto huyo wa leo ndiye atakayeamua kesho kama mto wa kijiji chenu utatiririka au utakuwa jina tu kwenye ramani.